Mawe Matatu ya Kona ya Saba

Kibanda cha juu
2 Machi

Kwa Mheshimiwa Mhandisi wa Barabara, ambaye kamasi zake nilizifuta kwa mkono huu huu,

Mimi ni mzima kama jiwe la kusagia. Wewe najua ni mzima, maana mgonjwa hana nguvu ya kuandika upuuzi mrefu kiasi kile. Basi salamu zimekwisha.

Jana kaja Daktari wa Meno, yule mpanda baiskeli wa kila Jumamosi mwenye suruali ya kubana inayotangaza mpaka alichokula asubuhi. Kaniletea karatasi aliyoibandua kwenye ubao wa geti la chini. Ina muhuri, ina saini, na saini ni ya binti yangu. Inasema barabara ya juu, kilomita zote kumi na tisa za changarawe, "itaboreshwa ili kuruhusu upitaji wa magari", na kikao cha kuidhinisha ni tarehe thelathini mwezi huu. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani sijui kusoma, kwa sababu darasa la nne nililiacha na mpaka leo linanitafuta. Mara ya tatu nikagundua kusoma najua sana, ila nimezaa vibaya.

Miaka ishirini na sita, tangu malori ya mbao yalipofukuzwa hapa mlimani, hakuna gari lililopita barabara hii. Watu wanatoka huko mjini wanakovuta moshi kama waliajiriwa kuuvuta, wanapanda na baiskeli zao za matairi mapana, na wakifika kona ya pili wanaacha kutazama nyuma. Mama mmoja wa makamo alifika hapa kibandani akaketi kwenye kizingiti akalia. Nikamuuliza nani kafa. Akasema hakuna aliyekufa, ni kwamba amepanda saa tatu nzima na hakuna mtu aliyempigia honi. Hao ndio unaotaka kuwafuata na honi mpaka huku kwenye mawingu.

Na wewe baiskeli ulijifunzia wapi, kama si humu? Kona ya saba uliruka usukani, ukang'oka jino la mbele, ukalitafuta kwenye changarawe mpaka jua likachwea. Lile jino bado limo humo. Utalipitishia basi juu yake.

Futa saini yako. Barua hii anaibeba huyo huyo Daktari, kwa sababu huku juu simu hazishiki, na hilo nalo ni jambo jema ambalo bila shaka umepanga kuliboresha.

Mwandiko umelala upande kwa sababu meza imevunjika mguu. Usianze maswali.

Baba yako,
anayeitwa na wapita njia Mzee Mawe


Ofisi ya Hifadhi, ghorofa ya pili
6 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika, na alama ya tairi juu yake.

Uamuzi huu ni wa kitaalamu. Barabara ya kilomita kumi na tisa isiyofikika kwa gari ni hatari kwa kila anayeitumia na kila anayeitunza. Kwa sasa daraja la kijito cha tatu lina upana wa mita moja na nusu, linapitisha baiskeli na toroli tu. Tutalipanua. Kikao kitakaa tarehe thelathini kama ilivyotangazwa. Maoni ya wananchi yanapokelewa kwa maandishi, bila matusi.

Sasa nakuuliza kama mwanao. Unalala vizuri? Unakula? Kazi za mikono unazimudu bado? Kuna lolote ungependa kuniambia?

Na meza yako niliitengeneza mimi pamoja na wewe, likizo ile nikiwa mwaka wa pili chuoni. Ni ya zege, Baba. Imejengewa ukutani. Haina mguu.

Mhandisi wa Barabara


Kibanda cha juu
9 Machi

Mheshimiwa wa Ghorofa ya Pili,

Marahaba. Zege nalo huzeeka.

Nakula, nalala, najisaidia mwenyewe. Umeridhika? Ukitaka niandike na idadi nitaandika. Mtu anauza kitanda cha baba yake kisha anamuuliza kama ameota vizuri.

Unaniandikia "hatari". Nitakufundisha hatari, maana huko chuoni inaonekana mlifundishwa kushika kalamu na kunyoosha shingo. Hatari ni gari. Baiskeli ikikosea, anaumia mwenye kukosea. Gari likikosea, anaumia aliyekuwa anakwenda zake. Ndiyo maana kila mwenye gari anajiona hodari.

Na barabara yangu inasema. Au umesahau? Jiwe moja lililopakwa chokaa pembeni: maji mbele, punguza. Mawe mawili: kona kali. Mawe matatu: shuka, tembea, hata kama wewe ni bingwa wa dunia. Na sheria iliyo juu ya zote, niliyokuimbisha mpaka ukaiota: jiwe la ishara haliendi kazini. Hata shimo likiwa mlangoni kwako na jiwe la chokaa likiwa mguuni kwako, unakwenda kutafuta jiwe jingine. Mawe hayo tu, hakuna taa, hakuna kibao, na kwa miaka ishirini na sita, ukitoa jino lako, hakuna mtu aliyewahi kuumia kwenye barabara hii. Narudia ili usikie mpaka huko ghorofani: hakuna hata mmoja.

Mimi najua kilichotokea. Wenye mabasi ya watalii wamekukalisha kwenye kiti laini, wakakuita mama, wakakusifia viatu. Viatu vyako nimeviona mwaka jana ulipokuja. Kisigino kile kinafaa kutobolea shimo la kupandia mahindi.

Siku mashine yenu ya kwanza itakapofika daraja la kijito cha tatu itanikuta nimelala katikati. Nina umri wa miaka sabini na nne na sina miadi na mtu. Waambie waje na chakula cha mchana, nitachelewa kuamka.

Baba yako mpaka tarehe thelathini,
Mzee Mawe


Nyumbani kwangu, mezani, meza ya mbao, ina miguu minne
15 Machi

Baba,

Leo sikupi shikamoo. Utaipata ukiistahili.

Nimeambatanisha karatasi moja. Isome kabla ya kuendelea.

*Fomu ya maoni ya mgeni. Tarehe 14 Februari. Mahali: kona ya saba, mfereji wa kushoto. Tatizo: mfereji umeziba. Ndani yake kuna mzee. Anatukana. Anasema yumo tangu asubuhi. Hatua zilizochukuliwa: tumemtoa. Mtulinga wa kulia umevunjika. Mimi ni wa meno lakini mfupa ni mfupa. Tumemfunga mkono kwa tyubu mbili za baiskeli na kumpandisha kibandani kwa toroli lake mwenyewe. Amekataa kushuka hospitali. Maoni: mfereji uzibuliwe.*

Unamjua aliyeijaza. Aliiona fomu getini akafikiri ni wajibu wake kutoa taarifa ya mfereji. Na kwa kuwa imeandikwa "mfereji", mhudumu wetu aliiweka kwenye trei ya mitaro na vyoo. Ilikaa humo siku sita, Baba. Trei iko hatua nne kutoka kwenye kiti changu. Tarehe 14 Februari, wakati wewe umelala kwenye maji unatukana mlima, mimi nilikuwa kwenye kikao cha kuchagua rangi ya mapazia ya ukumbi. Tulichagua kijani.

Nikasubiri uniambie. Hukuniambia. Ndipo nikaenda kwa wakubwa kuomba njia ya gari la wagonjwa mpaka kibandani kwako. Wakakubali kwa sharti moja: likipita gari la wagonjwa, yapite na mabasi ya wageni. Nikasaini. Wenye mabasi sijawahi kukutana nao hata mmoja, na viatu vile nilinunua mwenyewe.

Kisha ukaniandikia kwa mkono wa kushoto kwamba u mzima kama jiwe la kusagia. Nikakuuliza kwa upole kama kuna jambo. Ukanijibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kuumia.

Sasa sikiliza, kwa sababu bado sijafika kwenye hasira yenyewe. Juzi tarehe kumi na tatu nilipanda. Ndiyo, kwa baiskeli. Niliazima kwa fundi wa geti la chini, yule mama anayecheka kama anapasua kuni. Nilifika kona ya saba. Nilitafuta mawe matatu, hayakuwepo. Nikarudi chini hatua ishirini, pale maji yanapokata barabara kila masika. Shimo limejazwa. Na katikati ya lile jazo, chini ya changarawe, nikaona chokaa. Nikafukua kwa kucha. Moja, mawili, matatu.

Uliyatia kazini, Baba. Mawe ya ishara. Ulikuwa umechoka, au mvua ilikuwa inakuja, au ulijiambia kesho nitaleta mengine. Kesho yake ukashuka na baiskeli asubuhi na mapema, hakuna jiwe la kukwambia shuka, na jazo bado bichi likakuzamisha tairi. Mimi nilikula viboko viwili nikiwa na miaka tisa kwa kuchukua jiwe moja la chokaa nichoree mstari wa kuchezea. Viwili. Bado navikumbuka vilipotua.

Nilikuwa kilomita tano kutoka kwako, na nikageuza baiskeli. Kama ningefika ningekukumbatia, na sikutaka kukukumbatia.

Binti yako, ambaye hukumzaa vibaya


Kibanda cha juu
18 Machi

Binti yangu,

Huyo Daktari wa Meno nilimlisha kiapo. Nilimwambia akifungua mdomo nitamwekea jiwe moja mahali panapotaka matatu. Akaniambia, "Mzee, kinywa changu kimefungwa." Kumbe mkono wake ndio ulikuwa wazi. Nimemwita leo nikamsomea fomu yake kwa sauti mbele ya wenzake. Kasimama pale na ile suruali yake, kainamisha kichwa, mwishowe kaniuliza kama mfereji ulizibuliwa. Mtu kama huyo utamfanya nini? Nimempa barua hii aibebe, ndiyo adhabu yake.

Haya. Ni kweli. Mawe niliyatia kazini.

Mvua ilikuwa imeshafika kwenye kilele, na jiwe la kawaida lililokuwa karibu lilikuwa hatua mia chini ya mteremko. Hatua mia. Zamani nilikuwa nazipanda na jiwe begani huku naimba. Siku ile nilizitazama zile hatua, nazo zikanitazama. Nikasema shimo hili nalijua mimi, mawe haya niliyaweka mimi, nani wa kunishitaki. Asubuhi yake nikalisahau. Sikusahau kwamba lipo. Nilisahau kwamba nami naweza kuanguka.

Unataka kujua saa saba nzima za kulala mferejini zikoje? Maji yanapita mgongoni kama yana haki. Mkono wa kulia hautaki kuitwa. Nilitukana mpaka matusi yakaisha, nikaanza kuyarudia, nikaanza kuyapanga kwa herufi. Baadaye nikatazama changarawe kwa karibu sana, maana ilikuwa usoni, nikawa natafuta lile jino lako. Usicheke. Nilisema nikilipata nitakuwa na sababu ya kukuandikia ambayo haina aibu ndani yake.

Nilikuficha kwa sababu najua ungefanya nini. Ungeniteremsha. Na unaona? Hata ulivyojua kwa fomu ya vyoo umefanya jambo baya zaidi: umeamua kuipandisha dunia nzima huku kwangu na honi zake, ili nisife peke yangu. Wewe nawe una hasara. Mtu akiungua kidole hamwagi mto juu ya kijiji.

Kwa hiyo ni mimi au barabara. Basi chagua barabara. Sisemi kwa ushujaa, mimi si shujaa, mimi ni mkaidi, ni kitu kingine. Nikifa watapatikana wa kunizika, na watanisema vibaya, na itakuwa kweli. Lakini gari likishapita mara moja halirudi kuwa halijapita.

Viboko viwili nilivyokupiga, nimevihesabu. Nadaiwa.

Baba yako,
mwandiko wa kushoto


Ofisi ya Hifadhi, ghorofa ya pili
22 Machi

Baba,

Si wewe wa kuchagua. Ulishachagua mwezi wa pili, ulipozikwepa zile hatua mia.

Jana nimeondoa saini. Ombi la kupanua daraja halitafika kwenye kikao. Wakubwa wameniuliza sababu, nikawaambia nilikosea kupima. Miaka kumi kazini sijawahi kuandika sentensi hiyo. Kwa hiyo umeshinda: hakuna gari litakalopanda huko.

Sasa pokea upande wa pili. Mimi sitakaa tena ghorofa ya pili nikifikiria kila mvua inaponyesha kama uko kitandani au kwenye mfereji. Tarehe 29 uwe umeshuka geti la chini na vitu vyako. Kuna chumba nyuma ya karakana ya baiskeli, kina kitanda, kina mlango unaofungika. Fundi wa geti atapanda kukaa kibandani badala yako. Ana miaka thelathini na nane, mabega mawili mazima, na hahesabu hatua. Nitampelekea machela ya gurudumu moja, ile inayosukumwa kama toroli, ili atakayevunjika baada yako ashushwe kama binadamu.

Usiposhuka, tarehe 30 asubuhi nitairudisha karatasi mezani na itapita. Unanijua. Nimefundishwa ukaidi na bingwa.

Usiniandikie kunibembeleza. Nakujua hubembelezi, lakini ningependa kukukataza.

Binti yako


Geti la chini, chumba cha nyuma ya karakana
29 Machi

Kwa Mheshimiwa Jambazi,

Nimeshuka. Usifurahi.

Mama Fundi alipanda juzi na mzigo wake mgongoni. Nikampokea kwa uso wa kufukuzia mbwa. Nikamwambia nitamfundisha mawe, ila itachukua miezi, kwa sababu hayaingii kila kichwa. Akacheka kile kicheko chake, ndege wakahama. Tukaanza kushuka pamoja, mimi nikimwonyesha. Nikanyoosha kidole kona ya kumi na sita, akasema mawili. Kona ya kumi na tatu. Akasema moja, maji. Hakuwa ametazama. Kumbe miaka kumi na moja anatengeneza baiskeli hapa getini, na kila mpanda baiskeli anayeshuka humsimulia mawe aliyoyakuta. Ana barabara yote kichwani, na alikuwa hajawahi kufika kona ya tano. Kisha akaniambia kwa adabu kubwa, "Baba, lile la kona ya kumi na moja halina kazi, maji yalihama msimu wa juzi." Nikamwambia anyamaze. Nikaenda kutazama. Yalihama.

Nimelitoa. Hasira yake bado ninayo.

Tukafika kona ya saba. Nilimwomba atangulie. Nilifukua mawe yangu matatu pale ulipoyaacha wazi, nikayaosha kwenye mfereji, ule ule, nikayapaka chokaa kwa mkono wa kushoto, nikayapanga mahali pake. Shimo nililoliacha, Mama Fundi akarudi kulijaza upya kwa mawe ya kawaida. Aliyapandisha begani, hatua mia, mara sita. Hakuimba, lakini tutafika.

Kisha nikapanda baiskeli yangu. Nikarudi nyuma kidogo juu ya mteremko, ili nije kama mpita njia. Nikaja. Nikayaona. Sasa nitakwambia jambo ambalo ukimwambia Daktari wa Meno nitakukana mahakamani: miaka ishirini na sita nimeyaweka mawe yale, sijawahi kuyatii hata siku moja. Yalikuwa ya watu wengine. Siku ile nilishika breki. Nikashuka. Nikatembea, nimeshika usukani kama anayempeleka ng'ombe wa mtu. Hatua thelathini na nane. Nilikuwa nazihesabu kwa sababu sikutaka kufikiria kitu kingine, na kitu kingine kilikuwa kwamba sitarudi kulala juu.

Jino lako sikuliona. Nilitazama.

Chumba ulichonipa kina dirisha moja, nalo linatazama maegesho ya magari. Tangu nifike jana nimepigiwa honi mara nne, moja nikiwa chooni. Kitanda ni laini kupita kiasi, kinanimeza kama kinanidai. Asubuhi nilitoka nikapanda mpaka kona ya kwanza, nikasimama pale ambapo honi zinaishia. Pako. Ni hatua mia mbili na kumi kutoka geti. Nilisimama mpaka mpanda baiskeli mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo, kanipoteza binti yangu.

Bado nina hasira nawe, na nitakuwa nayo muda mrefu, sina shughuli nyingine. Wewe nawe unazo zako, zinaonekana kwenye kalamu, karatasi imetoboka mahali pawili. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Kwa salamu labda inatosha. Kwa ugomvi wetu haitoshi, nataka na nusu ya pili.

Njoo Jumamosi. Usije na gari. Mlangoni kwangu nimepanga mawe matatu, yana chokaa mbichi, na usijifanye hujui kuyasoma.

Nitakuwa ndani, nimenuna.

Baba yako,
Mzee Mawe